Kuingiza kebo ya antena ndani ya nyumba: mwongozo kwa watu wa redio ya ridhaa wa Dodoma

Antena imeshasimama uani, redio iko mezani, na katikati kuna ukuta. Hapo ndipo wengi humwita fundi wa madishi, naye kabla hata hajashuka kwenye ngazi atakwambia: "Bosi, hii tunapitisha hapa juu tu, chini ya bati, halafu tunashuka nayo darini." Kwa dishi la televisheni huenda ikapita. Kwa antena ya redio ya ridhaa, yaani ya mtu binafsi anayewasiliana hewani kwa kupenda tu na si kwa biashara, mkatalie kwa adabu. Kebo inayoingilia juu hupeleka radi moja kwa moja kwenye kenchi, kabla haijakutana na chochote cha kuizamisha ardhini, na huko darini ndiko zilikolala nyaya zote za umeme wa nyumba.

Utaratibu ninaoufuata ni huu: kebo ishuke kwanza hadi karibu na ardhi, ifungwe kwenye ethi (waya na fimbo ya kuzamisha umeme ardhini) ikiwa bado nje, ndipo iingie ndani. Kwa hiyo anayeamua mahali pa kutoboa ni fimbo ya ethi. Meza ya redio inahamishika, fimbo iliyozama ardhini haihamishiki.

Nachukulia kwamba leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unayo na alama yako ya wito (jina la kituo chako hewani) inayoanza na 5H imeshatoka. Kama bado, anzia huko kabla ya kushika tindo. Nachukulia pia kwamba mlingoti umesimama mbali na nyaya za TANESCO kiasi kwamba ukianguka, upande wowote, hauzifikii. Kama unazifikia, acha kusoma na uende ukauhamishe.

Kabla ya kununua kebo

Pima njia yote kwa kamba: kutoka antena, kushuka mlingoti, kuvuka ua, kupanda hadi tundu, mpaka mezani. Ongeza mita mbili. Watu hukadiria kwa macho, na kebo ikipungua wanaunga katikati ya ua, kiungo kinalala kwenye vumbi na baadaye kwenye tope.

Aina ya kebo inategemea masafa. Kwa bendi za masafa ziitwazo mita 40 na mita 20, RG-58 nyembamba ya milimita 5 inatosha kabisa. Katika megahezi 14, mita 20 za kebo hiyo hupoteza karibu desibeli moja, na huko upande wa pili hakuna atakayegundua. Kwa bendi ya mita 2 hali ni nyingine. Mita 20 zilezile katika megahezi 145 humeza zaidi ya nusu ya nguvu yako, na unachopasha moto ni kebo. Hapo nunua RG-213, yenye unene wa milimita 10 hivi, ambayo hupoteza takriban theluthi moja kwa urefu huo. Hii haipatikani kila duka la vifaa vya umeme hapa mjini. Mara nyingi ni ya kuagiza Dar es Salaam.

Ile nyeupe ya televisheni, ya omu 75, imejaa kila mahali na ni rahisi. Haina ubaya mkubwa kwa antena ya nyaya mbili iliyokatwa vizuri, kwa kuwa antena ya namna hiyo yenyewe haiko mbali na omu 75. Kero yake ni kwamba nyingi zina wavu (ule unaouzunguka waya wa katikati) wa alumini, na alumini haishiki risasi ya kuchomelea. Itakubidi utumie konekta za kubana.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba

Tafuta fimbo ya ethi ya nyumba. Kwa kawaida iko karibu na mita ya umeme, ndani ya kishimo chenye mfuniko, au mafundi wa bustani wameshaifukia na kinachoonekana ni waya wa kijani na njano ukizama ardhini. Kadiri tundu lako litakavyokuwa karibu na hapo, ndivyo kazi itakavyokuwa rahisi na salama.

Kisha tazama ukuta wenyewe kwa nje. Mvua yetu si nyingi, karibu milimita 600 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, lakini ikija inakuja na upepo na inapiga kwa ubavu. Chini ya ukuta utaona alama ya tope jekundu lililorushwa na matone. Hiyo ndiyo ramani yako: tundu likae juu ya alama hiyo kwa kiganja kimoja au viwili, na kwenye nyumba nyingi hiyo ni kama sentimita 40 hadi 60 kutoka ardhini. Kama una hiari ya upande, epuka ule wa mashariki, kwani upepo wetu mwingi hutokea huko. Upande uliofunikwa na upenu mrefu au baraza ni bora zaidi.

Kwa ndani, angalia soketi na swichi. Katika nyumba zetu nyaya hushuka wima kutoka darini ndani ya plasta, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya soketi, na acha angalau sentimita 30 kila upande. Usitoboe kati ya soketi mbili zilizo kwenye mstari mmoja; fundi mwingine huzirukia kwa njia ya mkato. Ukuta wa bafu na jiko uache, una mabomba. Linta na mkanda wa zege navyo viache, vina nondo.

Kama ukuta wa uzio una waya wa umeme wa kuzuia wezi, usipitishe kebo sambamba nao. Ule mlio wa tak, tak, tak utausikia kwenye redio usiku kucha.

Hatua ya 2: Ethi

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa sababu ardhi ya Dodoma inakupinga mara mbili. Kwanza ni ngumu. Mwezi wa Septemba fimbo inaruka ukiigonga. Pili ni kavu, na udongo mkavu haupitishi umeme ipasavyo.

Kwa ugumu, usishindane na nyundo. Jioni chimba kishimo cha kina cha mkono, mwaga ndoo mbili za maji, acha yanywe usiku mzima. Asubuhi jaza tena, shika fimbo kwa mikono miwili, uisukume chini na kuivuta juu, chini na juu. Maji yanaifuata fimbo na kulainisha udongo mbele yake. Kwenye udongo wa mfinyanzi itazama kwa sehemu kubwa bila pigo hata moja. Ukikuta changarawe, sogea nusu mita ujaribu tena.

Kwa ukavu, dawa ni urefu na mahali. Fimbo ya mita 1.2 ndiyo inayouzwa kwa wingi; weka mbili au tatu, kila moja ikiwa mbali na mwenzake kwa umbali usiopungua urefu wake, uziunganishe kwa shaba. Zitie pale ambapo ardhi haikauki kabisa: yanapodondokea maji ya bati, yanapopita maji ya kuogea, tangi linapofurika. Wapo wanaomwaga chumvi na mkaa kwenye shimo. Chumvi husaidia kweli kwa muda, lakini inakula shaba, na mvua mbili tatu zikipita imeshasombwa. Mimi ningetumia hela hiyo kununua fimbo ya pili. Na nondo ya ujenzi si fimbo ya ethi: inashika kutu, na pale inapokutana na waya wa shaba ndipo inapooza kwanza.

Sasa jambo ambalo watu hulikwepa kwa sababu ya bei ya shaba: fimbo yako mpya lazima iunganishwe na fimbo ya ethi ya nyumba kwa waya mnene, milimita 16 za mraba. Usiziache kila moja kivyake. Radi ikitua jirani, hizo fimbo mbili kwa kitambo kifupi huwa na volti tofauti kabisa, na tofauti hiyo hutafuta njia ya kusawazika. Njia iliyopo ni kebo ya antena, redio, chaja yake, na soketi ya ukutani. Ukiziunganisha huko nje, volti zinapanda na kushuka pamoja, na redio haiwi daraja. Kazi ya kugusa fimbo ya nyumba mpe fundi umeme mwenye leseni, main swichi ikiwa imezimwa.

Waya wa ethi unyooke. Usiukunje kona kali wala kuuviringisha uliozidi ukaacha kama koili. Radi haipendi kona, itaruka kwenda kwenye kitu kingine. Uliozidi, kata.

Hatua ya 3: Boksi la nje

Funga boksi la plastiki la umeme ukutani, kando kidogo ya tundu litakapokuwa, juu ya fimbo. Ndani yake weka bamba la shaba au alumini. Kwenye bamba toboa na ufunge kikinga radi, upande mmoja kebo inayotoka kwenye antena, upande wa pili inayoingia ndani. Bamba liende kwenye fimbo kwa waya mfupi kadiri inavyowezekana. Matundu yote ya boksi yawe chini, hata moja lisiwe juu wala ubavuni.

Kikinga radi kinapunguza madhara ya radi iliyopiga jirani. Ikipiga antena yenyewe, hakuna kifaa cha dukani kitakachokuokoa, ndiyo maana boksi hili lina faida ya pili: ni mahali pa kukatia. Mawingu yanapoanza kujenga saa nane mchana, unafungua boksi, unachomoa kebo ya ndani, unafunika. Fanya hivyo mapema. Ngurumo zikishaanza kusikika, usitoke kwenda kushika kebo yoyote. Kuchomoa kebo nyuma ya redio na kuiacha ikining'inia mezani si kujikinga. Umeileta radi sebuleni ikachague pa kurukia.

Hatua ya 4: Tundu

Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita, pamoja na plasta pande zote, unafika sentimita 18 hadi 20. Utahitaji drili ya kugonga na biti ndefu, au fundi mwenye nayo. Kwa tindo na nyundo inawezekana pia, ila utaziba zaidi ya ulichotoboa.

Zima main swichi na utumie drili ya betri, au vuta umeme kwa jirani. Anza ndani, kwa biti nyembamba ya milimita 8 au 10, ukielekeza drili chini kidogo kuelekea nje. Mteremko wa sentimita mbili kwa ukuta mzima unatosha. Kwanza chimba sentimita tatu tu kwa upole na uchungulie: ukiona plastiki nyeupe au nyeusi, simama, hiyo ni paipu ya umeme. Kisha endelea, ukitazama vumbi. Plasta inatoa vumbi jepesi la kijivu. Ukiingia kwenye tofali la kuchoma linageuka jekundu. Kwenye tofali la saruji linabaki kijivu lakini lina chenga. Karibu na nje linarudi kuwa la plasta. Hapo punguza nguvu, vinginevyo biti itapasua plasta ya nje na kuacha jeraha la ukubwa wa sahani.

Tundu dogo likishatokea upande wa pili, lipanue kwa biti kubwa kutoka pande zote mbili mkutane katikati. Ukubwa? Konekta ya PL-259 ina upana unaokaribia milimita 20. Lakini nakushauri utoboe la kupitisha bomba la PVC la inchi moja, ambalo kwa nje lina milimita 32 hivi. Leo una kebo moja, mwakani utataka ya bendi ya mita 2, kisha waya wa mota ya kuzungushia antena.

Bomba litokeze nje sentimita tano, ndani liishie sawa na ukuta. Pengo kati ya bomba na ukuta lizibe kwa saruji laini, na ikikauka pitisha silikoni pembeni. Silikoni yenye harufu kali kama siki usiiweke karibu na shaba wala konekta. Asidi yake inazila. Kwenye plasta haina shida.

Kama unataka mdomo wa nje utazame chini, tumia elbo ya nyuzi 45. Ile ya 90 inaikunja kebo nene kupita kiasi. RG-213 isikunjwe kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 10. Ukiikunja zaidi, waya wa katikati unahama taratibu ndani ya plastiki yake, jua la Oktoba likisaidia, na siku moja unagusa wavu.

Hatua ya 5: Kupitisha kebo

Funga kamba imara kwenye kebo na uivute, usiisukume. Pitisha na kamba ya pili, uiache humo ndani ya bomba kwa ajili ya kebo ijayo.

Kabla ya mdomo wa bomba, kebo ishuke chini zaidi ya tundu kwa sentimita 15 au 20, ndipo ipande kuingia. Hicho ni kitanzi cha maji: matone yanayoifuata kebo yanafika mahali pa chini kabisa na kudondoka. Fanya vivyo hivyo kabla ya boksi. Kebo iliyoshuka moja kwa moja hadi tunduni inaleta maji ndani, hata silikoni iwe nzuri namna gani.

Mwisho ziba ndani ya bomba. Panya, mijusi na nyigu wote wanapenda shimo lenye kivuli, na mchwa nao wana njia zao. Sokomeza stili waya ya kusugulia sufuria, kisha sponji, kisha silikoni kidogo juu, upande wa nje na wa ndani. Usijaze silikoni bomba zima, utataka kufungua siku moja.

Konekta na maji

PL-259 haizuii maji, hata ukiikaza kwa koleo. Maji yakiingia kwenye wavu wa kebo yanapanda ndani kwa ndani. Ukiichuna kebo ya namna hiyo unakuta shaba imekuwa nyeusi, na mahali pengine kijani, ukiipinda inakatika kama jani kavu. Hairudi, ni ya kukata na kutupa.

Kila konekta iliyo nje: zungushia tabaka moja la tepu ya umeme, juu yake utepe wa mpira ule unaovutwa na kujigandisha wenyewe, kisha tepu nyeusi tena ya kuukinga na jua. Anzia chini ukipanda juu, ili kila mzunguko uufunike ulio chini yake na maji yateleze.

Kama nyumba ni ya kupanga

Watumishi wengi waliohamia huku tangu 2016 wamepanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya drili. Tumia dirisha la alumini la kusukuma. Kata ubao mwembamba au kipande cha plastiki ngumu chenye urefu wa dirisha na upana wa sentimita 8, ukisimamishe kwenye reli, kisha sukuma kioo kije kukibana. Kwenye kipande hicho, karibu na chini, funga konekta za kupitishia. Wavu wa mbu utaukata kona tu, na grili haina shida. Hakikisha kioo bado kinafungika kwa komeo, au weka kijiti kwenye reli.

Usibane kebo yenyewe kwenye fremu. Ikibonyea, omu zake zinabadilika mahali hapo na plastiki inazidi kulegea.

Ethi bado inahitajika. Fimbo inaweza kung'olewa siku ya kuhama, na hilo mwenye nyumba hulikubali.

Kwa wanaotumia waya wa ngazi

Huu wa omu 450, wenye nyaya mbili sambamba zilizotenganishwa kama ngazi, hauingii kwenye bomba pamoja na vitu vingine, na haulali juu ya bati wala fremu ya alumini. Uweke mbali na chuma kwa mara mbili au tatu ya upana wake. Njia rahisi ni kuishia nje, kwenye balani (kifaa cha kuunganisha waya huu na kebo ya kawaida) chini ya upenu, kisha uingie na kebo ya kawaida fupi.

Ndani ya chumba

Usifunge kebo pamoja na nyaya za umeme. Zikikutana, zipishane kwa pembe mraba. Kama spika ya kompyuta inaongea sauti yako, zungusha kebo mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na redio.

Kupima

Kabla ya kufunga konekta ya antena, pima kwa multimita: kati ya waya wa katikati na wavu pasiwe na mguso wowote; kisha kutoka mwisho hadi mwisho, kila mmoja upitishe umeme. Ukishaunganisha, chukua kipimo cha SWR (kinachoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena; kikikaribia 1 ni kizuri) kule kwenye boksi, kisha mezani. Usifurahi haraka mezani kikiwa kizuri kuliko kilivyokuwa nje. Kebo inayopoteza sana hupendezesha kipimo, kwa sababu nguvu inayorudi inaishia njiani.

Halafu mwagia maji. Chukua mpira wa bustani, piga ukuta kwa ubavu dakika tano, upande wa boksi na wa tundu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Redio iwe imechomolewa. Likidondoka ndani tone hata moja, kagua kitanzi cha maji kabla ya kulaumu silikoni.

Rudia ukaguzi kila Novemba: kaza skrubu za ethi, fungua boksi utoe vumbi na viota vya nyigu, chungulia tepu kama imepasuka kwa jua, na umwagie fimbo ndoo moja ya maji ukiwa hapo hapo.